Msituni Magamba, hesabu ianzie kwenye mteremko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Kila likizo ya Juni inapokaribia, kurasa za utalii wa ndani, na si zenu peke yenu, huwashauri watu wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam wapande Usambara kupunga upepo. Ushauri wenyewe mara nyingi huishia kwenye maneno haya: mzunguko mfupi wa msituni, saa mbili tu, hata watoto wanaweza. Ni kweli wanaweza. Msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, una vijia vya kutosha kumpandisha mtu asiye na mazoezi hadi mgongoni mwa mlima na kumshusha kwa upande mwingine bila kurudia alikopita. Tatizo ni hiyo "saa mbili tu". Ndiyo inayowafanya watu waanze kupanda wamekwisha kula chakula cha mchana, watu wanne na chupa moja ya maji, kisha giza likawakuta kwenye miti.

Mzunguko wa mlimani haupangwi kuanzia getini. Unapangwa kuanzia mwisho, mahali mtakapotokea jioni, kisha unarudi nyuma kwa hesabu mpaka upate saa ya kuondoka. Nitaeleza kwa nini.

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo wapanda vilima wanaitumia hadi leo. Kwa vipimo vyetu ni kama hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Tuchukue mfano wa mzunguko wa kilomita 9 wenye jumla ya mita 500 za kupanda, ambao kwa mlima mdogo wenye msitu ni mzunguko wa kawaida kabisa. Kilomita 9 ni saa 1 na dakika 48. Mita 500 ni dakika 50. Jumla ni saa 2 na dakika 38, na hapo ndipo "saa mbili na kitu" za magazetini zinapozaliwa.

Lakini Naismith aliwakusudia wanaume wenye mazoezi kwenye vilima vya wazi vya Uskoti, wasiosimama. Msituni kuna mizizi, matope, magogo yaliyolala njiani na majani makavu yanayoficha shimo. Kundi la kawaida, lenye shangazi mmoja na mtoto wa darasa la nne, halizidi kilomita 3 kwa saa hapo, na likienda zaidi ya hapo mtu atateguka kifundo. Basi kilomita 9 zinakuwa saa 3, ongeza zile dakika 50, unapata saa 3 na dakika 50. Pumziko la dakika 10 kila saa linakula dakika 40. Chakula, nusu saa. Sasa tumefika saa 5 kamili, karibu mara mbili ya ile hesabu ya mwanzo, na bado hakuna aliyechelewa wala kupotea. Mbega wakitokea juu ya miti, kundi zima litasimama robo saa likiinua simu. Watu wakitaka na kupitishwa kwenye handaki ambalo wenyeji huwaeleza wageni kuwa ni la Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, ni dakika 20 nyingine. Hayo yote ndiyo raha ya safari, kwa hiyo yawekwe kwenye hesabu mapema.

Sasa turudi nyuma. Lushoto ipo karibu na ikweta, jua halituchezei sana: mwaka mzima linazama kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni, na likishazama, mwanga haudumu hata nusu saa. Chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko uwanjani, na ukungu ukishuka huingia mapema zaidi. Kanuni salama ni kuwa nje ya miti saa 11:00 jioni. Toa saa 5 za kutembea, unabaki na saa 6:00 mchana. Hapo hujaweka akiba yoyote. Akiba isipungue saa moja na nusu, kwa sababu mguu mmoja uliopinda hupunguza mwendo wa kundi zima kwa nusu. Kwa hiyo saa ya mwisho ya kuanza kupanda mzunguko huo ni saa 4:30 asubuhi. Anayetoka Tanga alfajiri ya siku hiyo hiyo, akapita Segera, Korogwe na Mombo, kisha akapanda kilomita 33 za kona hadi Lushoto, atafika akiwa ameshakula akiba yake barabarani. Huyo aende Irente, mahali pa kutazamia mandhari, akatazame Mazinde kule chini nyikani, arudi mjini kwa barabara. Alale mjini, msituni aingie kesho yake asubuhi.

Jambo la pili ni kubwa kuliko saa, ingawa silioni likiandikwa. Unapopanda mlima, njia zote hukusanyika. Ukikosea kijia, mradi unaendelea kupanda, mwisho utafika kwenye mgongo uleule na kilele kilekile. Ukishuka ni kinyume chake, njia hutawanyika. Kutoka kileleni migongo inachomoza kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na mwanzoni vidole viwili vinavyofuatana vimetengana kwa hatua chache tu. Ukikosea hapo kwa hatua 20 huoni tofauti yoyote, miti ni ileile na mteremko ni uleule. Baada ya nusu saa uko upande mwingine wa bonde, kijiji unachokiona siyo kile ulichoacha gari, na kati yenu kuna korongo. Anayerudi alikotoka hana shida hii kwa sababu anaifuata njia aliyokwisha kuiona. Anayezunguka anashuka mahali asipopajua, amechoka, na mwanga unapungua. Ndiyo sababu nasema hesabu ianzie kwenye mteremko.

Hivyo kabla ya kuchagua wapi mtapanda, chagueni wapi mtashuka. Mteremko mzuri una sifa mbili. Kwanza ni mpole: upande mkali upandwe, upande mpole ushukwe. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa asubuhi mtu huogopa mlima mkali usoni pake. Mwinuko mkali ukiupanda unachosha mapafu, na mapafu hupona kwa dakika tano za kukaa. Ukiushuka unachosha magoti na mapaja, na hayo hayaponi siku hiyo, tena udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama mlenda. Sifa ya pili ni kwamba chini ya mteremko pawe na barabara au mto unaokatiza mbele yenu, kiasi kwamba hata mkikosea kwa nusu kilomita kulia au kushoto, lazima mtaukuta. Mteremko unaoishia mashambani, ambako kila shamba lina vijia vyake vitano, una mitego mingi kuliko msitu wenyewe.

Mzunguko una mahali pengine pa kuangalia, pale ambapo kurudi nyuma ni mbali kuliko kwenda mbele. Watu hudhani ni kileleni. Mara nyingi siyo. Katika mfano wetu, kama kilele kiko kilomita 3.5 kutoka mwanzo kwa upande mkali, zinabaki 5.5 za kushuka kwa upande mpole. Mtu akipata shida kileleni, kurudi alikotoka ni kufupi zaidi lakini kukali zaidi. Basi swali la kuendelea au kugeuza liulizwe kabla ya kuacha kilele, kundi likiwa limekaa na kula, siyo baada. Wekeni saa. Kama hamjafika kileleni saa 7:00 mchana, mnageuza hata kama kilele kinaonekana. Saa hiyo iandikwe kwenye karatasi asubuhi, akili ikiwa baridi, na iwekwe mikononi mwa mtu mmoja ambaye hatabishiwa.

Kuhusu ramani. Karatasi za serikali za skeli ya 1:50,000 bado ni nzuri kwa umbo la mlima: sentimita 2 ni kilomita 1. Chukua uzi, ulaze juu ya njia ukiufuatisha kila kona, kisha unyooshe kwenye rula. Ongeza robo ya urefu huo, kwa kuwa njia halisi hupindapinda kuliko mstari wa mchora ramani. Kwa kupanda, soma pembezoni mwa karatasi tofauti ya urefu kati ya mstari mmoja wa kontua (mistari inayounganisha sehemu za urefu sawa) na mwingine, kisha hesabu kila mstari unaoukata ukipanda, hata pale njia inaposhuka kidogo katikati na kupanda tena, uzidishe kwa tofauti hiyo. Kosa la kawaida ni kutoa urefu wa mwanzo kwenye urefu wa kilele na kuishia hapo. Njia yenye mabonde mawili katikati inaweza kuongeza mita 100 na zaidi ambazo hazimo kwenye hesabu hiyo.

Vijia vyenyewe, ramani za zamani msiziamini. Penye mashamba ya misonobari na mikaratusi barabara za magogo hufunguliwa na kufungwa kufuatana na uvunaji, na barabara pana ya mwaka huu mwakani imeshaota miiba. Programu kama OsmAnd au Organic Maps hufanya kazi bila mtandao, ilimradi ramani ya Tanzania umeipakua ukiwa bado mjini. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. GPS itaendelea kupokea, na betri haitamalizwa na simu inayotafuta mnara usiokuwepo bondeni. Usishangae simu ikisema mmetembea kilomita 11 wakati ramani ilisema 9: chini ya majani mazito GPS huruka kushoto na kulia, na kila mruko inauhesabu kama hatua.

Njia panda ndizo zinazopoteza watu, na wapotezaji wakuu ni wakata kuni, bila kosa lao. Kijia cha kuni huwa kimekanyagwa vizuri kuliko njia halali, kwa sababu kinatumika kila siku na wenye mizigo. Kinaanza kipana, kinaingia msituni hatua mia mbili au tatu, halafu kinagawanyika matawi mawili, matatu, na kila tawi linafia kwenye kisiki. Ukiona njia inazidi kuwa nyembamba kila inapogawanyika, umo kwenye njia ya kuni, geuka. Njia inayounganisha kijiji na kijiji haifanyi hivyo. Upana wake haubadiliki sana, na mahali pa mteremko imechimbika kama mfereji. Alama nyingine ni utando wa buibui. Anayetangulia akiwa anaufuta usoni kila baada ya hatua chache, leo hakuna aliyepita hapo, na ikiwa ni saa tano asubuhi ya siku ya soko, hiyo si njia ya watu.

Kwa hiyo andaa karatasi moja. Orodhesha kila njia panda kwa mpangilio, kila moja na upande wa kugeukia, alama yake (kisiki kikubwa, kijito, mti wa mkulo ulioanguka), na saa mnayotarajia kufika. Mkifika, pigeni picha njia panda hiyo mara mbili, mara ya kwanza mkitazama mnakokwenda, ya pili mkigeuka kutazama mlikotoka. Picha ya pili ndiyo yenye faida mkilazimika kurudi, maana njia panda ikitazamwa kwa nyuma haifanani kabisa na ulivyoiona ukija. Kundi zima lisubiriane hapo. Mwenye mwendo mdogo atangulie, mwenye uzoefu awe wa mwisho, na asiwepo mtu nyuma yake hata kwa kujisaidia. Mkipita dakika 10 bila kuona alama iliyo kwenye karatasi, rudini kwenye njia panda ya mwisho mliyo na hakika nayo. Kukata katikati ya msitu "kwa sababu barabara inasikika kule" ni kosa, kwani sauti ya lori hupanda bonde na kugonga upande wa pili, ukaifuata mahali isipotoka.

Viatu nitavieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyoharibu mteremko. Kina mama wa huku hupita na mzigo wa kuni kichwani wakiwa wamevaa kandambili, na hawatelezi. Mgeni asijaribu. Mabuti ya mvua yanafaa matope ya kupanda, lakini wakati wa kushuka mguu unaelea ndani na visigino huchubuka. Raba yenye soli bapa, ile ya kwenda nayo kanisani Jumapili, ni mbaya kuliko zote. Kinachotakiwa ni kiatu chenye meno chini na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino unapousogeza mguu mbele mpaka mwisho. Kucha zikatwe siku mbili kabla, siyo asubuhi ile.

Kileleni, kabla ya kushuka, kila mtu akae na kufunga kamba upya. Legeza zote. Gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma ya kiatu. Kaza kamba za mbele kiasi tu, vidole viweze kucheza. Ukifika pale mguu unapokunjika, kabla ya matundu mawili ya juu, pitisha kamba moja juu ya nyingine kama unayeanza fundo, lakini ipitishe mara mbili badala ya mara moja, kisha vuta. Msokoto huo unajishika wenyewe hata ukiachia mkono. Malizia matundu ya juu na ufunge kawaida. Sasa kisigino hakiinuki na vidole havisukumwi mbele. Asiyefanya hivyo ataona weusi kwenye kucha za vidole gumba keshokutwa, na ukucha utang'oka baada ya wiki kadhaa.

Kushuka kwenyewe ni hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, unyayo wote unagusa chini kwa wakati mmoja. Mzizi uliolowa usiukanyage, hasa ule unaokata njia kimshazari, kwa sababu mguu huteleza kufuata urefu wake kuelekea bondeni. Uvuke tu. Fimbo iwe ya kufika kwenye kiwiko mkiwa tambarare, na ya kushukia iwe ndefu kidogo kuliko hiyo. Fimbo itangulie mguu, isije nyuma yake. Na msikate miti ya msitu kutengeneza fimbo, mjini zinauzwa.

Mavazi ni suala la hesabu pia. Joto hupungua kwa kadiri ya nusu nyuzi na kitu kila mita 100 unazopanda. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 na sehemu za juu za Magamba zinapita mita 2,200, kwa hiyo juu ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi 5 hivi, na kuliko Tanga kwa nyuzi 13 au zaidi. Mtu aliyeondoka nyumbani kwenye joto la nyuzi 28 anakutana na 15, jasho mgongoni, upepo mgongoni mwa mlima. Fulana ya pamba iliyolowa jasho haikauki ukunguni. Beba fulana ya pili kavu, sweta, na koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Mara nyingi unakuja kuwahisi wakiwa wamekwisha kukupanda. Ukiuona mstari mweusi unaovuka njia, usisimame karibu nao kuusoma, ruka na uendelee hatua 20 mbele ndipo ujikague.

Maji lita 2 kwa kila mtu, yanywewe kidogo kidogo kuanzia saa ya kwanza. Ya kijito yasinywewe bila kuchemshwa, wala soksi zisifuliwe humo, kwa kuwa kuna kijiji kinachotegemea maji hayo huko chini. Choo kiwe hatua 100 mbali nacho na kifukiwe. Chakula hakina siri: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati, karanga, ndizi mbivu, na peasi au plamu za Lushoto msimu wake ukiwepo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi simu na kiberiti vitiwe kwenye kopo lenye mfuniko. Tochi halisi kwa kila watu wawili, maana tochi ya simu ikiwashwa kwa muda mrefu hula betri ya simu wakati ule ule unaoihitaji. Filimbi moja. Mapigo sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena sita, ndiyo ishara ya kuomba msaada mlimani inayotambulika kimataifa. Anayejibu hupiga matatu. Ufundishe hata watoto, na waambiwe wakipotea wakae walipo na kupiga.

Msimu. Masika, kati ya Machi na Mei, mzunguko huu haufai kwa wasio na uzoefu, njia zinakuwa vijito. Juni hadi Agosti ni kavu zaidi lakini kuna ukungu na baridi. Asubuhi usipoona mti ulio hatua 50 mbele, subiri kwanza. Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita, ni wakati mzuri ambao wengi hawaufikirii. Radi ikisikika mkiwa mgongoni, shukeni mara moja upande uliopangwa, na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuingia kuna kibali na ada, na malipo ya serikali siku hizi ni kwa kontrol namba. Kuipata na kuilipia kunaweza kula saa nzima asubuhi kama mtandao unasuasua. Malizeni jana yake. Ombeni na mwongoza wageni anayetambulika na ofisi. Kwa kundi la watu sita gharama yake ikigawanywa ni ndogo, naye anajua ni mti gani ulioanguka wiki iliyopita, jambo ambalo hakuna simu itakayokwambia. Lakini mwongoza wageni haondoi haja ya kuhesabu saa. Yeye anajua njia, hajui goti la shangazi yako.

Mwisho kabla ya kuondoka, acheni karatasi ya pili kwa mwenye nyumba ya wageni au ndugu aliyebaki: majina ya kundi, mtapandia wapi, mtashukia wapi, saa ya kutegemewa, na saa ya kuanza kuuliza kama hamjaonekana. Katika mfano wetu, walioanza saa 3:00 asubuhi wanategemewa saa 8:00 mchana, na ikifika saa 11:30 jioni kimya, aliyebaki apige simu kwa ofisi ya hifadhi na kwa 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112. Mliopo mlimani mkitaka kupiga, pandeni mgongoni, bondeni mnara hausomeki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha matembezi ya aina hii, pamoja na picha ya mandhari, wekeni mstari mmoja wenye vitu vitano: urefu wa njia, jumla ya mita za kupanda, muda pamoja na mapumziko, upande wa kushukia, na saa ya mwisho ya kuanza. Kwa mzunguko tulioufanyia hesabu hapa ungesomeka hivi: "Km 9, kupanda m 500, saa 5, shukia upande mpole unaotokea barabarani, usianze baada ya saa 4:30 asubuhi." Unatosha chini ya picha yoyote.

Wako msomaji,
Lushoto, Tanga